Neno Moja, Maumbo Mawili: Maandishi ya Kichina katika Anwani za Intaneti

Mfanyabiashara wa Bunju au Temeke anayeagiza bidhaa kutoka China aweza kukutana na neno lile lile limeandikwa kwa namna mbili, kutegemea mzigo umetoka wapi: katoni ya Guangzhou huandikwa 国, yaani nchi, kwa mipigo 8 ya kalamu, ilhali ile ya Hong Kong huandikwa 國, kwa mipigo 11. Tofauti hiyo ilizuka pale serikali ya China ilipoanza kurahisisha maandishi yake mwaka 1956, huku Hong Kong na Taiwan zikibaki na maandishi ya jadi, na kwa msomaji wa Kichina neno ni lile lile.

Kompyuta haisomi hivyo. Mfumo wa majina ya kikoa, yaani utaratibu unaoligeuza jina linaloishia na .tz, kwa mfano, kuwa namba ya kompyuta inayotafutwa, ulibuniwa mwaka 1983, na majina yake yakajengwa kwa herufi za Kilatini, tarakimu na kistari. Ili maandishi mengine yapite humo bila kuubomoa mfumo, wataalamu waliafikiana mwaka 2003 kwamba yageuzwe kuwa msururu wa herufi za Kilatini unaotanguliwa na xn--. Ndivyo 中国, jina la China, linavyokuwa xn--fiqs8s, na 中國, jina hilo hilo, linavyokuwa xn--fiqz9s, na mbele ya mfumo hayo ni majina mawili yasiyo na undugu wowote. Hapo ndipo tapeli anapopata mwanya, kwa kuwa benki iliyosajili umbo moja tu huwa imemwachia umbo la pili, na mteja atakayeliandika atafika kwa mwizi akidhani amefika benki.

Waswahili hawako mbali na jambo hili kama inavyodhaniwa. Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu karne nyingi kabla ya Kilatini kutawala, na katika hati hizo herufi kafu ya Kiarabu, ك, na ile ya Kiajemi na Kiurdu, ک, zina namba tofauti katika kompyuta, ingawa msomaji huzitamka sawa.

Kwa Kichina, kugeuza umbo moja kuwa jingine kwa mashine kungeonekana kuwa dawa, lakini 发 moja ya maandishi yaliyorahisishwa husimama badala ya mbili za jadi, 發, yenye maana ya kutoa au kutuma, na 髮, nywele. Mashine haina njia ya kujua ipi imekusudiwa. Kwa hiyo wataalamu wa China, Taiwan, Japani na Korea walitoa mwongozo mwaka 2004 ulioipeleka kazi hiyo kwenye usajili. Mtu anapoomba jina, sajili, yaani taasisi inayosajili majina, hutazama jedwali la vibadala, yaani maumbo mbalimbali ya alama moja, kisha hulifunga jina na vibadala vyake katika fungu moja la mmiliki mmoja. Baadhi huwashwa vitumike, vingine huzuiliwa asivipate mwingine. Jina la alama 4, kila moja ikiwa na maumbo 2, huzaa majina 16, na ndiyo maana si yote yanayowashwa.

Suala hili lilifika Afrika Mashariki Machi 2010, shirika la ICANN linaloratibu majina ya intaneti duniani lilipokutana Nairobi na kuzungumzia namna ya kuzipa nchi jozi za majina ya ngazi ya juu, yaani yale ya mwisho wa anwani kama .tz. Juni mwaka huo bodi yake iliidhinisha 中国 na 中國 zikabidhiwe sajili moja ya China, na 台湾 na 台灣 sajili ya Taiwan. Hata hivyo mfumo wenyewe haujaziunganisha. Kinachozishikanisha ni kazi ya sajili na wenye tovuti, wanaolazimika kila siku kuhakikisha kwamba badiliko lililofanywa upande mmoja limefanywa upande wa pili pia.