Fundi Anapoisifu Kofia Yake

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wengi huitumia methali hii kumbeza fundi anayeitangaza kazi yake, lakini haimtendei haki mama anayeshona kofia za viua nyumbani kwake Makunduchi, mbali na wanunuzi wa Mji Mkongwe. Kofia yake inaweza kuwa nzuri kuliko zote zilizopangwa Darajani, isipoonekana, haiuziki. Siku hizi huonekana kwa njia ya simu, katika makundi ya WhatsApp ya wapenzi wa kofia, mikoba ya ukili, hina na samani za kuchonga, ambamo mafundi wa Unguja na Pemba hukutana na wanunuzi wa mjini, wa Dar es Salaam na hata wa Maskati.

Kujitangaza humo si kosa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mnunuzi analijua hilo tangu zamani: anapomsikia muuzaji akiisifu bidhaa yake, huzipunguza sifa hizo moyoni kabla ya kutoa fedha. Kosa huanza pale mkono unaovuta ngozi unapofichwa.

Tuchukue mfano. Kijana wa Mwanakwerekwe anatafuta kofia ya viua ya kuvaa siku ya harusi yake, akauliza kundini. Mtu mmoja anamjibu kwamba amenunua kwa fundi fulani, kazi safi ya mkono. Wa pili anaongeza kwamba mumewe ameivaa Sikukuu mbili na bado inang'ara. Kijana anatuma arubuni kwa pesa za simu, kisha anamalizia bei. Kinachomfikia ni kofia iliyodariziwa kwa mashine. Baadaye inabainika kwamba msifu wa kwanza ni fundi mwenyewe aliyetumia namba nyingine, na wa pili ni shemeji yake, ambaye kofia ile alipewa bure.

Hapa pana makosa mawili, na ni vyema kuyatenganisha. La kwanza ni la bidhaa: kazi ya mashine imeuzwa kwa jina la kazi ya mkono. La pili ni la ushuhuda, nalo lingebaki kuwa kosa hata kama kofia ingekuwa ya mkono kweli, kwa kuwa kijana aliaminishwa kwamba anazungumza na wanunuzi wenzake.

Kosa la kwanza unaweza kulikagua mwenyewe. Katika kofia ya viua ya mkono, kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano, kimoja baada ya kingine, na kofia yenye kazi nyingi huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Ndiyo sababu ya bei yake. Igeuze uitazame kwa ndani. Mashine hushona kwa nyuzi mbili, wa juu na wa chini, hivyo upande wa ndani huonesha uzi wa chini, na mara nyingine mabaki ya kitambaa kigumu cha kushikizia. Viua vya mashine hulingana kama vilivyopigwa mhuri. Vya mkono hupishana kidogo. Kofia ya mashine si kitu kibaya (mwandishi wa makala haya anayo moja na huivaa bila haya), mradi iuzwe kwa jina lake na kwa bei yake. Inapouzwa kwa jina jingine, anayeumia si mnunuzi peke yake, bali pia yule mama wa Makunduchi, ambaye kazi yake ya miezi hushindanishwa na kazi ya saa chache.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuligundua. Zanzibar inayo Sheria Namba 5 ya mwaka 2018, inayosimamia ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, na maelezo ya kupotosha hayawi halali kwa sababu tu yametolewa kwa ujumbe wa simu. Nchi nyingine zimekwenda hadi kuutaja ushuhuda wa uongo kwa jina lake: Marekani kwa kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2024, na Uingereza kuanzia Aprili 2025. Miongozo ya Marekani, tangu kabla ya hapo, humtaka anayesifu bidhaa aliyopewa bure aseme kwamba amepewa bure.

Kwetu, ambako karibu kila mtu ni jamaa wa mtu, shemeji kumsifu shemeji si ajabu. Aseme tu kwamba ni shemeji. Nawe usione haya kuuliza: "Samahani ndugu yangu, kofia hiyo uliinunua, na je, fundi ni mtu wako?" Mkweli hujibu kwa neno moja. Kwa fundi, maneno "hii ni kazi ya mikono yangu" yanatosha, na huuza vizuri kuliko sifa za kupanga.

Makundi mengi yana kanuni zake, kama vile siku maalumu ya kutangaza bidhaa. Zinasaidia, lakini hizo ni kanuni za nyumba. Msimamizi akimtoa fundi kundini, arubuni yako hairudi. Na msimamizi anayelipwa ili amtaje fundi kuwa "mwaminifu" naye anapaswa kulisema hilo.

Ukishatilia shaka, piga picha ya skrini ya mazungumzo papo hapo, namba za wasemaji zikionekana. WhatsApp humruhusu mtu kuufuta ujumbe wake kwa wote ndani ya siku mbili hivi, na baadhi ya makundi yamewekwa ili ujumbe ujifute wenyewe baada ya saa 24. Hifadhi pia ujumbe wa malipo. Mwandikie kwanza muuzaji ukimtaka arejeshe fedha. Asipokubali, leta malalamiko yako Tume ya Ushindani Halali wa Biashara pamoja na ushahidi huo na kofia yenyewe. Usiifue wala kuitia kanji kabla ya kuileta.