Nani Atamsikiliza Mtoto Huyu?

Mtoto wa miaka tisa anaanza tena kukojoa kitandani. Shuleni anakaa kimya. Mlango ukigonga kwa upepo, anajificha. Mama anamchapa. Baba akirudi kutoka machimbo anasema: «Ni kichwa kigumu tu.» Wandugu wasomaji, ni kichwa kigumu kweli?

Huku Kabambare, upande wa Salamabila na Namoya, jamaa nyingi zilikimbia mapigano ya Mai-Mai na askari katika miaka 2018 na 2019. Watoto waliona mambo ambayo hata sisi wakubwa hatupendi kuyataja. Mtoto hana maneno ya kueleza woga wake, basi mwili ndio unasema. Fimbo haiondoi woga, inauongeza.

Mwaka 2011 Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilitoa kitabu juu ya msaada wa kwanza kwa mtu aliyeumia rohoni. Kazi zake ni tatu: kutazama, kusikiliza, kuunganisha. Si lazima uwe munganga. Kaa karibu na mtoto, usimlazimishe kueleza. (Hapa wengi tunakosea: mgeni akifika, mtoto anaitwa, «Njoo uwaambie vile uliona!» Na kidonda kinafunguliwa tena.) Mwambie: «Leo tuko hapa, mama yuko, tutalala pamoja.» Masomo, mpira, kuchota maji na wenzake, hayo yote yanamsaidia. Akikataa kula siku nyingi, ao akisema anataka kufa, usingoje: mpeleke kituo cha afya.

Kwa wakubwa, mahali pengi mashariki ya Congo kuna nyumba za kusikiliza, na mama waliofundishwa kazi hiyo. Jambo la kwanza ni siri. Namna ya kumpima msikilizaji ni rahisi: akikuletea habari za mwanamke mwingine, kesho atapeleka zako. Huyo, hata akiwa mkubwa katika kanisa, tumshukuru na tumpe kazi ingine.

Kuna jambo moja lisilongoja hata kidogo. Mwanamke ao binti aliyebakwa afike hospitali mbele ya saa 72 kupita, ni kusema siku tatu. Dawa za kukinga SIDA zinaanzishwa katika muda huo tu. Siku zikipita, aende vilevile: kuna magonjwa mengine ya kutibu, na roho pia. Pale Panzi, Bukavu, hospitali iliyoanzishwa na Docteur Mukwege mwaka 1999, wanaunganisha matibabu, kusikiliza, msaada wa sheria na kazi ya kumpatia mtu feza.

Lakini kijijini siku hizo tatu zinaishia wapi? Mara nyingi zinaishia kwenye kikao cha wazee, wakihesabu mbuzi. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 hairuhusu kumaliza kesi ya namna hiyo kwa kulipa faini. Na wakati mbuzi wanahesabiwa, binti hajameza dawa. Bwana naye anafunga mlango: «Arudi kwao!» Yeye pia anahitaji mtu wa kumsikiliza, sababu haya inamla.

Wanaume hawaendi kwa urahisi kwenye nyumba ya kusikiliza. Wanakwenda kwenye lotoko. Lakini njiani kwenda machimbo, mmoja anaweza kumwambia mwenzake: «Ndugu, mi silale tena.» Mwenzake asicheke. Amuulize tangu lini, halafu wakitoka shimoni amsindikize.