Umetolewa uvimbe leo? Jembe lisubiri wiki mbili

Unaingia chumba cha upasuaji mdogo saa nne asubuhi. Unachomwa sindano ya ganzi, uvimbe unatolewa, unashonwa, na kabla ya saa sita mchana umeruhusiwa kurudi nyumbani. Hukulala wodini wala hukupewa dawa ya usingizi. Ndiyo maana wengi hujiona kama hawakufanyiwa upasuaji, bali "wamechanwa kidogo tu", na kesho yake wako shambani.

Katika Wilaya ya Kilosa, ambako wengi wanaishi kwa mahindi, mpunga, mkonge na miwa, kukaa nyumbani msimu wa kilimo ni hasara inayoonekana. Lakini kidonda kikifumuka au kikitunga usaha, wiki mbili za kupumzika hugeuka miezi miwili ya kusafisha kidonda. Kwa hiyo hesabu ifanyike mapema: kama uvimbe hausumbui, muulize daktari kama unaweza kusubiri hadi baada ya mavuno.

Ni uvimbe gani?

Aina mbili ndizo zinazoonekana zaidi. Ya kwanza ni uvimbe wa mafuta: laini, hauumi, unateleza ukiusukuma kwa kidole, na hupenda kukaa mgongoni, begani, shingoni na mikononi. Ya pili ni kifuko chini ya ngozi chenye uchafu mweupe mzito wenye harufu, mara nyingi kikiwa na kitundu cheusi juu yake. Zote mbili si saratani.

Kukiminya kifuko nyumbani au kukitoboa kwa sindano hakusaidii. Uchafu hutoka, lakini ukuta wake hubaki na uvimbe hurudi, safari hii pengine ukiwa na usaha.

Kwa mkazi wa wilaya hii, pa kuanzia ni Hospitali ya Wilaya ya Kilosa au Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi. Uvimbe mkubwa au uliozama ndani unaweza kuhitaji rufaa kwenda Morogoro mjini.

Saa 48 za kwanza

Ganzi huisha baada ya saa chache, na maumivu huanza hapo. Mtu mzima anaweza kumeza vidonge viwili vya paracetamol vya miligramu 500 kila baada ya saa sita hadi nane, bila kuzidi vidonge vinane kwa siku. Mtoto hupewa kwa uzito wake, kama alivyoelekezwa hospitalini. Usijitibu kwa aspirini, kwani huongeza kutoka damu, na watoto hawapaswi kupewa.

Doa dogo la damu kwenye bandeji si la kushtua. Damu ikiendelea kutoka, weka kitambaa safi na ukandamize kwa nguvu dakika 15 kwa saa, bila kufunua kuchungulia. Isipokoma, rudi hospitali.

Kidonda kibaki kikavu na kimefunikwa kwa siku mbili. Kama umeshonwa mgongoni, pajani au makalioni, safari ya bodaboda kwenye barabara ya vumbi na mashimo inavuta nyuzi na kuchafua kidonda. Anayetoka Ulaya au Zombo ni bora apange usafiri wa kurudi kabla hajaenda.

Kuoga na kupaka

Baada ya saa 48, isipokuwa umeelekezwa vingine, unaweza kuoga kwa maji safi ya kumwagia na sabuni ya kawaida. Usisugue, kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi. Usioge mtoni wala kuingia majaruba ya mpunga hadi kidonda kifunge kabisa.

Usipake majivu, tumbaku, dawa ya meno, mafuta ya taa wala unga wa ndani ya kapsuli za antibayotiki. Muulize pia mhudumu kama chanjo yako ya pepopunda bado inakukinga.

Siku ya nyuzi

Kwa kawaida nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku tano hadi saba, za kichwani siku saba hadi 10, na za mgongoni, mikononi na miguuni siku 10 hadi 14. Zipo nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, hivyo uliza umeshonwa zipi. Kama hospitali iko mbali, omba karatasi ya maelezo ili zahanati ya jirani ikutoe. Usizikate mwenyewe kwa wembe.

Nyuzi kutolewa si ruhusa ya kubeba gunia. Ngozi ya wiki mbili bado haijafikia nguvu ya kawaida hata kidogo, na hata baada ya miezi mitatu kovu hufikia takribani asilimia 80 tu. Anza na kazi nyepesi. Jembe, kuni na ndoo ya maji kichwani vifuate taratibu, hasa kama kidonda kiko mgongoni, begani au shingoni.

Mzazi, sikiliza hapa

Si kila uvimbe wa mtoto ni wa kukatwa. Ulio shingoni mara nyingi ni tezi zilizovimba kwa maambukizi, na ukidumu wiki kadhaa apimwe kifua kikuu. Unaotokea kinenani anapolia huenda ni ngiri. Ulioko katikati ya pua au katikati ya kichwa tangu utotoni usiguswe kabla ya vipimo, kwani baadhi huungana na sehemu za ndani ya fuvu.

Mtoto aliyeshonwa akatwe kucha, na mwalimu aambiwe ili apumzishwe mpira na kazi za mikono.

Rudi haraka ukiona haya

Maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, wekundu au joto linalosambaa, usaha, harufu mbaya, homa, au kidonda kuachia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo gusa usikie joto na ugumu. Mwenye kisukari asisubiri hata siku moja.

Mahali palipotolewa uvimbe wa mafuta panaweza kujaa majimaji na kuvimba tena. Usitoboe, daktari ataamua kama yanyonywe au yaachwe. Kama ndugu zako hupata makovu yanayovimba na kukua, mwambie daktari kabla ya kupasuliwa, hasa uvimbe ukiwa kifuani, begani au kwenye ndewe ya sikio.

Swali la mwisho kabla ya kuondoka

Uliza: "Kinyama kilichotolewa kimepelekwa maabara?" Uvimbe uliokua haraka, mgumu, usiosogea, uliozidi sentimita tano au uliorudi baada ya kutolewa haufai kutupwa bila kupimwa. Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Acha namba ya simu inayopatikana, andika tarehe ya kuyafuata, na uende hata kama kidonda kimeshapona, kwa kuwa kidonda kilichofunga vizuri hakikwambii uvimbe ulikuwa wa nini.