Mbwa anayenguruma anasema nini?

Jirani yetu mmoja alikuwa na mbwa, jina lake Askari. Kutwa nzima mbwa huyo alifungwa kwa kamba fupi karibu na mlango wa ua, mahali wapitapo watoto wakienda masomo. Wengine walimrushia mawe, wakacheka. Askari akawa mkali. Kila apitaye alimbwekea na kumngurumia. Mwenye nyumba akashika fimbo, akampiga kila aliponguruma, akisema, «Nitamfundisha adabu.» Baada ya majuma machache Askari akanyamaza. Jirani akafurahi, akadhani fimbo imeshinda.

Siku moja mtoto wake mwenyewe, mwenye miaka 6, alikaribia kuokota mpira. Askari hakubweka, wala hakunguruma. Akamwuma mkono.

Watu wakasema, «Mbwa huyu amegeuka bila sababu.» Sisi twasema, hapana. Mbwa alikuwa akisema siku zote, nao walimfunga kinywa.

KUNGURUMA NI NENO

Mbwa husema kwa mwili wake. Akiogopa, kwanza hugeuza uso, hulamba pua, hulaza masikio na kuficha mkia katikati ya miguu. Asiposikilizwa, mwili hukakamaa, naye hunguruma, maana yake, «Usinikaribie.» Kuuma ni neno la mwisho. Ukimpiga kwa sababu amenguruma, hofu yake haiondoki. Linaloondoka ni onyo tu. Ndiyo maana mbwa aliyenyamazishwa kwa fimbo ni wa hatari kuliko yule anayenguruma.

Basi, kabla ya kushika fimbo, tuulize kama mganga amwulizavyo mgonjwa. Ana njaa au kiu? Amefungwa kutwa bila kutembezwa? Nani amchokoza? Na mbwa mpole akigeuka ghafula, apelekwe kwa mganga wa wanyama, kwani maumivu ya jino au ya sikio humfanya kiumbe yeyote kuwa mkali.

FUNDISHO LA PAVLOV

Huko Urusi alikuwako mtaalamu aitwaye Ivan Pavlov, mwana wa padri wa Kiorthodoksi, aliyesoma seminari kabla ya kushika elimu ya viumbe. Mwaka 1904 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya namna mwili unavyosaga chakula. Katika kazi hiyo aliona jambo la ajabu: mbwa wake walitokwa na mate hata kabla ya kupewa chakula, mara tu walipotambua dalili kwamba chakula kinakuja.

Nasi twajifunza hapa. Dalili itanguliayo chakula huleta furaha. Dalili itanguliayo maumivu huleta hofu. Kwa Askari, mtoto apitaye alikuwa dalili ya jiwe, kisha akawa dalili ya jiwe na fimbo pamoja. Je, tushangae kwamba aliwachukia watoto?

YALIYOTENDEKA BAADAYE

Kidonda cha mtoto kilioshwa mara moja kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, akapelekwa hospitali kudungwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Wazazi, msingojee katika jambo hili: ugonjwa huo ukisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna apataye kupona. Askari naye alitengwa, akaangaliwa siku 10; alipoonekana mzima, akachanjwa.

Kisha jirani akatuuliza la kufanya. Tulimshauri amhamishe mbwa nyuma ya nyumba, penye kivuli na maji, na kumtembeza asubuhi na jioni. Halafu somo likaanza. Kila jioni alisimama naye, akimshika kwa kamba, mbali na njia, mahali ambapo Askari aliwaona wapitaji bila kunguruma. Mtu akitokea, papo hapo alimpa kipande cha ndagala. Mtu akiisha kupita, ndagala zikakoma. Siku hata siku alisogea hatua moja au mbili. Askari akinguruma, hakupigwa. Walirudi nyuma tu, kwani kunguruma kulionyesha kwamba wamesogea upesi mno. Baada ya miezi miwili, Askari alipomwona mpitaji alimgeukia bwana wake na kutikisa mkia, akingojea ndagala yake.

MAKOSA MENGINE

Njia ni ile ile. Mbwa akikurukia kwa furaha na kuchafua nguo, usimsukume wala usipige kelele, kwa maana kwake hayo ni mchezo. Mgeuzie mgongo, miguu yote minne ikigusa chini, ndipo umsalimu. Akiiba bukari jikoni, funika chungu, kwa kuwa kila wizi unaofaulu ni zawadi. Na zawadi ya tendo jema itolewe palepale; ikichelewa, mbwa hajui alipewa kwa sababu gani. Tena nyumba nzima iwe na sheria moja, baba asikataze yale ambayo watoto wanayaruhusu.

Nanyi wanafunzi, shikeni haya: msimrushie mbwa jiwe, msimguse akila, akilala au akinyonyesha, mbwa mgeni akiwajia, msikimbie, bali simameni kimya, mikono chini, bila kumkazia macho. Nanyi wazazi, msimwache mtoto mdogo peke yake na mbwa, hata akiwa mpole.

Mkono wa yule mtoto umepona, lakini alama ya meno ingalipo. Jirani yetu kila aionapo husema, «Mbwa alinionya, nami nikampiga kwa sababu ya kunionya.» Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa vivyo hivyo.