Mlonge na Mwarobaini: Miti Miwili ya Ua Mmoja

Katika nyumba nyingi za Bariadi, na katika vijiji vinavyoelekea Itilima na Maswa, mwarobaini ndio sebule ya nje. Chini ya kivuli chake pamba huchambuliwa, wageni huketishwa, na watoto hukimbilia hapo jua la saa saba linapokuwa kali. Pembeni mwa ua huohuo, aghalabu karibu na jiko, husimama mti mwembamba wenye majani madogo ya mviringo, nao ni mlonge. Miti yote miwili ina asili ya kusini mwa Asia, yote imezoea ukame, na mgeni akiuliza ni miti gani, hupewa jibu moja kwa yote miwili: ni miti ya dawa. Jibu hilo lina hatari ndani yake, kwa kuwa mmoja ni mboga na mwingine haufai kuwa chakula hata kidogo.

Kuitofautisha si kazi ngumu. Jani la mwarobaini lina vipande virefu vilivyopinda kidogo, vyenye kingo kama meno ya msumeno, na uchungu wake haumpi mtu nafasi ya kukosea. Jani la mlonge hugawanyika mara mbili au tatu, na vipande vyake ni laini na vya mviringo. Mlonge huzaa maganda marefu yenye pande tatu na mbegu zenye mbawa, ilhali mwarobaini huzaa tunda dogo la manjano ambalo ndege na popo hulipenda. Kwa sababu hiyo mwarobaini huota wenyewe chini ya kuta na kandokando ya barabara, bila kupandwa na mtu. Ugumu huanza pale majani yakishakaushwa, kusagwa na kufungwa katika mfuko usio na jina. Hapo unga wa kijani hufanana na unga wa kijani, na muuzaji husifia kadiri apendavyo.

Mahitaji ya matunzo ya miti hii yanapingana. Mlonge hauvumilii maji yaliyotuama. Katika udongo mweusi wa mbuga, ambao pamba huupenda, mizizi yake minene huoza mvua zikizidi. Kwa hiyo anayeishi mbugani hana budi kuupanda juu ya tuta lililoinuliwa, na Msukuma hahitaji kufundishwa kupiga tuta. Katika udongo wa kichanga, ambao wenyeji huuita luseni, hustawi bila shida. Hupandwa kwa mbegu au kwa kipande cha tawi, lakini ule wa mbegu huzamisha mzizi wake chini zaidi, jambo lenye uzito mkubwa katika mkoa ambao kiangazi chake hukausha visima. Ukiachwa hurefuka upesi hadi majani yasifikiwe na mkono. Ukikatwa kwenye kimo cha mita moja hivi, hutoa matawi mengi, na kadiri unavyochumwa ndivyo unavyochipua. Mbuzi huupenda mno. Mlonge mchanga usio na uzio wa miiba hauishi wiki.

Mwarobaini hutaka kinyume chake. Usikatwekatwe, uachwe urefuke, na upewe nafasi ya mita kadhaa kutoka ukutani. Nao huchukia maji yaliyosimama, lakini huishi hata penye mawe na udongo uliochoka. Hitaji lake gumu ni moja tu: mbegu ipandwe ikiwa mbichi, nyama ya tunda ikiwa imeondolewa, kwani baada ya wiki chache hupoteza uwezo wa kuota. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi ilipokuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, uliwakumbusha wenyeji thamani ya ngitili na ya miti inayohimili ukame. Mti unaoleta kivuli kwenye joto la namna hii ni msaada wa afya pasipo jani lake hata moja kuchemshwa.

Jani la mlonge, kwa upande wake, ni la chungu cha mboga. Lina protini, kalisi, madini ya chuma na kiini cha vitamini A, na hupatikana hata miezi ambayo mchicha umekauka. Mkoa huu una ujuzi wa zamani wa kukausha mboga kwa ajili ya kiangazi. Tofauti ni kwamba mlonge ukaushwe kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu sehemu kubwa ya vitamini A. Hata hivyo, zile sifa zinazotangazwa sokoni, kwamba mlonge unashinda chungwa na maziwa mara kadhaa, zichukuliwe kwa tahadhari. Mara nyingi hulinganisha unga mkavu na tunda lenye maji, na hakuna mtu anayekula unga huo kwa uzito wa chungwa. Aidha, madini ya chuma ya mimea hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama. Limau au nyanya katika mlo husaidia, na chai inywewayo pamoja na chakula huzuia. Mjamzito anayekula mlonge aendelee na vidonge vyake vya kuongeza damu, na asiguse kabisa mizizi wala magome yake, ambayo yana sumu na yanaweza kudhuru mimba.

Mbegu za mlonge zina kazi nyingine inayozifaa kaya zinazochota maji lamboni. Mbegu moja au mbili zilizomenywa na kutwangwa, zikikorogwa katika lita moja ya maji yenye tope jingi, hukusanya tope hilo na kulishusha chini baada ya saa moja au mbili. Maji huonekana meupe, na weupe huo hudanganya: vijidudu vingi huzama pamoja na tope, lakini si vyote. Lazima yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini.

Mwarobaini una nguvu halisi, na nguvu hiyo ndiyo sababu ya kuuogopa. Mbegu yake ina azadirachtini, kemikali inayovuruga ulaji na ukuaji wa wadudu. Kwa hiyo unafaa bustanini na katika hifadhi ya choroko na dengu. Mafuta ya mbegu hizo yakimfikia mtoto mchanga kwa kinywa ni jambo jingine. Mwaka 1981 madaktari nchini Malaysia walieleza habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo kama dawa ya nyumbani, wakapatwa na kutapika, usingizi mzito, kupumua kwa kasi na degedege. Kwa wajawazito pia hayafai.

Majani yake yameonyesha uwezo dhidi ya vimelea vya malaria katika maabara. Lakini kikombe cha jikoni hakina kipimo, na malaria kali haisubiri. Homa ya mtoto ni ya kupimwa siku hiyohiyo, na ikithibitika kuwa malaria, itibiwe kwa dawa mseto.

Miti yote miwili inaweza kushusha sukari ya damu. Mgonjwa wa kisukari anayemeza glibenklamaidi asubuhi kisha akanywa kikombe cha majani machungu anaweza kufika zahanati akitetemeka na kutokwa jasho, huku familia ikidhani sukari imepanda. Mhudumu akimuuliza, “Bibi, unatumia dawa za kienyeji?” hujibiwa hapana, kwa heshima au kwa hofu ya kukaripiwa. Akimuuliza, “Bibi, nyumbani mnachemsha majani gani?” ana nafasi nzuri zaidi ya kusikia ukweli. Bora zaidi amwombe alete tawi bichi siku ya kliniki, si unga, na aandike jina la mti kwenye kadi.

Na iwapo mtoto amekunywa mafuta ya mwarobaini, asitapishwe, kwa kuwa mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Apelekwe kituo cha afya mara moja, na chupa yenyewe ichukuliwe, hata kama imebaki tupu.