Mashine ya Santuri kwa Binti wa Kipungani

Sanduku lilikuwa chini ya kitanda cha samadari, limefunikwa kwa mkeka ulioanza kulika pembeni. Ndani yake mna sahani za santuri 31: ndogo 24, kubwa nne, na tatu nzito za zamani, zile zinazovunjika kama kaure. Baba yangu alizikusanya miaka aliyofanya kazi Mombasa, akazileta kwa jahazi hadi kwetu Kipungani, kisiwani Lamu, na mashine yake ilipokufa hakuna aliyezigusa tena. Mwaka huu binti wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 15, alizitoa moja moja, akazipanga juu ya jamvi, akaniuliza: "Ami, hizi huimba vipi?"

Kumweleza kwa mdomo kulinichukua dakika kumi. Kumtafutia mashine kumenichukua miezi mitatu, simu nyingi, na safari moja ya Mombasa. Nayaandika niliyoyapata kwa ajili ya kila mzazi, ami na khalti mwenye sanduku kama hilo na mtoto aliyelifungua.

Wauzaji wote huanza kwa kuuliza una shilingi ngapi. Mimi ningeanza kwingine: una sahani za aina gani, na nyumbani kwako kuna moto wa aina gani? Ukishayajibu hayo mawili, orodha ya mashine za kukufaa hupungua sana.

Tuanze na sahani. Zetu nyingi ni za 45, yaani huzunguka mara 45 kwa dakika, na kwa nyumba ya pwani hilo si ajabu. Mombasa kulikuwa na duka la Assanand na lebo yake ya Mzuri, iliyotoa taarabu kwa sahani hizi ndogo, wimbo mmoja kila upande. Udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, uliingia majumbani kwa sahani za namna hiyo kabla kaseti hazijatawala soko. Sahani kubwa huzunguka mara 33 na theluthi. Zile tatu nzito ni za 78, za kizazi cha Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV.

Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Mashine nyingi mpya za bei ya chini zina 33 na 45 tu. Nyingine zina 78 kwenye swichi, lakini sindano iliyomo ni ya sahani za plastiki. Mfereji wa 78 ni mpana. Sindano yake ina ncha ya mikroni 75 hivi, na ya sahani za plastiki ni mikroni 18 hivi. Sindano nyembamba ikiingia kwenye mfereji mpana huburura chini kabisa, ikazoa vumbi na mikwaruzo badala ya sauti. Kwa hiyo swichi yenye 78 isikupandishie bei, isipokuwa mashine yenyewe inakubali kubadilishiwa sindano.

Kuna na tundu la katikati. Baadhi ya sahani za 45 zina tundu kubwa, na bila kile kiduara cha plastiki cha kuliziba haziwezi kukaa sawa. Kinauzwa bei ndogo. Hakikisha kimo ndani ya boksi, kwa maana kukifuata tena mjini kwa mashua kutakugharimu zaidi ya bei yake.

Sasa moto. Nyumba yetu, kama nyingi za hapa, inategemea sola: betri ya volti 12 na inveta ndogo ya bei nafuu. Nusu ya mashine nilizoonyeshwa nilizikataa kwa sababu ya hiyo inveta. Mashine za kizamani nyingi zina mota inayofuata mapigo ya umeme wenyewe. Kenya tuna volti 240 na mapigo 50 kwa sekunde. Marekani wana volti 120 na mapigo 60. Mashine kukuu ya Marekani yenye mota ya aina hiyo, hata ukiinunulia transfoma, huku kwetu sahani ya 33 huizungusha mara 28 hivi kwa dakika na ya 45 mara 37 na nusu. Mwimbaji huwa kama anayesinzia. Transfoma hupunguza volti, mapigo haiyagusi. Tena inveta za bei nafuu hutoa umeme uliokatika-katika, na mota za namna hiyo hunguruma zikiupata, na mngurumo huo hupanda kupitia sindano hadi kwenye spika.

Mashine mpya nyingi zina mota ndogo inayokula umeme wa betri, ule wa chaja, na hiyo haijali mapigo. Geuza chaja usome kibandiko chake. Ukiona inatoa volti 12, umepata mashine inayoelewana na nyumba ya sola. Hata hivyo usiiunge moja kwa moja kwenye betri: betri inayochajiwa mchana hupanda hadi volti 14 na zaidi. Mwambie fundi akuwekee kidhibiti cha volti 12 katikati, na ahakikishe chanya na hasi hazikugeuzwa. Ni kazi ya saa moja, na inveta hutaiwasha tena kwa ajili ya muziki.

Kwa nyumba kama yetu, basi, njia zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni ile mashine ya mkoba, yenye spika zake ndani na mpini wa kubebea, mfano wa Crosley Cruiser na ndugu zake wengi wasio na jina. Nilipotafuta, Marekani iliuzwa dola 50 hadi 80. Tukichukua dola kwa shilingi 130, ya dola 60 ni 7,800. Weka ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 16, unafika 11,300 kabla ya nauli na tozo nyingine za forodha. Ni nzuri machoni, na mtoto ataipenda kwa rangi. Mimi niliipenda pia mpaka nilipomwomba muuzaji aipime uzito wa mkono wake. Nyingi za aina hii zina kichwa cha seramiki kinachokandamiza sahani kwa gramu 5 au zaidi, na huwezi kukipunguza. Spika zikiwa ndani ya sanduku moja na sindano, sahani yenye mdundo mzito huitikisa sindano hadi ikaruka. Ya kwanza niliyojaribu iliruka mara tatu katika wimbo mmoja, na muuzaji akaweka sarafu juu ya mkono. Nilimzuia. Sarafu hiyo huongeza uzito juu ya mfereji ambao hauna wa kuuchonga upya.

Mtoto anayenunua sahani mpya, zinazopatikana madukani, anaweza kuanza na mkoba asidhurike sana. Kwa sahani za taarabu za miaka ya sitini na sabini, ambazo ukiziharibu pengine hutaziona tena maishani, siwezi kumshauri mtu, na bei ndogo hainibadilishi mawazo.

Ya pili ni mashine rahisi ya kujiendesha yenye mkanda, na iliyonivutia zaidi ni Audio-Technica AT-LP60X. Unabonyeza kitufe, mkono unajiinua, unatua wenyewe mwanzo wa sahani, na wimbo ukiisha unarudi mahali pake. Kwa mikono isiyozoea hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mikwaruzo mingi hutokea wakati wa kuinua na kushusha. Kichwa chake ni cha sumaku, kinakaa juu ya sahani kwa gramu 3 hivi, na sindano hubadilishwa bila kubadili kichwa. Ndani mna priampu, yaani kifaa kinachokuza ile sauti dhaifu ya sindano, hivyo unaichomeka moja kwa moja kwenye sabufa ya nyumbani. Ina 33 na 45, 78 haina. Nilipotafuta, Marekani iliuzwa dola 149 hivi. Kwa hesabu ileile hiyo ni 19,400, na pamoja na ushuru na VAT 28,000, nauli na tozo nyingine bado. Ukiiona mtandaoni kwa nusu ya hapo, muulize muuzaji nani amelipa kilichobaki. Iko pia yenye bluetooth kwa wenye spika zisizo na waya, lakini kama sabufa yako ina tundu la waya, okoa pesa hizo ununue sindano.

Ya tatu ni mashine kukuu. Nairobi, katika Kenyatta Market, kibanda namba 570, yuko James Rugami, mwenye duka la santuri la Real Vinyl Guru, ambaye jina lake kila mpenda santuri nchini ameshalisikia. Kwa sahani na mashine za kale, pale ndipo pa kuanzia kuuliza. Mashine kukuu nzuri, ya Kijapani hasa, inaweza kuishinda ya dukani kwa kila kitu: meza nzito ya chuma ya kuzungushia sahani, mkono unaopimika uzito, kichwa cha kubadilisha. Technics SL-1200, iliyotoka mwaka 1972, bado inafanya kazi katika vilabu duniani kote, ingawa bei yake imepita uwezo wa mtoto na wa ami yake. Ila kukuu haiji na ahadi. Usinunue ambayo hujaisikia ikiimba wimbo mzima. Beba sahani yako mwenyewe. Sikiliza noti ndefu ya udi au fidla. Ikipepesuka kama sauti ya mtu aliye kwenye mashua, mkanda au mota imechoka. Angalia nyuma volti na mapigo. Uliza sindano yake inaitwaje na inapatikana wapi. Kipungani hatuna fundi wa mashine hizi, na Lamu mjini wamebaki wachache mno. Kila ukarabati una maana ya mashua hadi mjini, boti hadi Mokowe, na basi hadi Mombasa.

Kuhusu gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, isiyohitaji umeme kabisa, nitasema moja tu. Ni ya sahani za 78 peke yake. Mkono wake ni mzito na sindano yake ni ya chuma. Sahani ya plastiki ikiwekwa hapo itachongwa mara ya kwanza tu.

Tulichagua ya pili. Hesabu haikuishia kwenye mashine, na ndugu walioniambia "mashine tu" hawakuwahi kununua moja. Sindano ya akiba ni lazima: ncha ya almasi ya kawaida huhimili saa mia kadhaa, kisha huanza kula sahani, na hujui siku ilipoanza. Kuna kidhibiti cha volti na ujira wa fundi. Kuna burashi laini. Kuna nauli ya basi hadi Mokowe, na mashua ya kwetu inayongoja maji yajae.

Kaskazi na kusi zote huleta chumvi hapa, na vumbi la makuti halikomi. Tumemwekea mashine rafu ya ukutani, mbali na dirisha la jua, kwa sababu sahani ya plastiki iliyoachwa juani hupinda. Nimemfundisha kuosha kwa maji ya mvua yenye tone la sabuni, kwa kitambaa cha pamba, akifuata mzunguko wa mfereji, na karatasi ya katikati isilowe. Zile tatu nzito haziguswi na spiriti hata kidogo. Zimetengenezwa kwa sheleki, utomvu wa wadudu wa Uhindini, na spiriti huuyeyusha.

Mashine ilifika Alhamisi, nahodha akiwa ameifunga kwa turubai. Binti hakuniruhusu kubonyeza kitufe. Mkono ulipotua alishika pumzi, na udi ulipoanza, mama yangu, aliyekuwa barazani akisuka ukili, aliacha kusuka akaita jina la mpigaji kabla ya mimi kusoma kibandiko.

Zile za 78 nimezifunga kwenye kanga kuukuu, zimesimama wima ndani ya sanduku. Kila usiku binti huniuliza zitaimba lini.