Bia na Madaftari Yake Mawili



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Ijumaa hapa Columbus, mama mmoja alitujia na swali ambalo tumelibeba hadi leo. Mwanawe wa miaka 19 amepata kazi ya usiku ghalani, kwa mshahara unaozidi ule wa baba yake. Kazi yenyewe ni njema, ila siku nyingine hupangiwa kupakia makreti ya bia. "Mwalimu," alisema mama yule, "kijana ananiambia nchi nzima inakula kwa bia, kuanzia serikali hadi mwenye duka. Nami sina jibu, na kodi ya nyumba inatungoja tarehe mosi."

Hukumu ya kazi hiyo si yetu kuitoa. Wako masheikh, na kwao ndiko tulikomwelekeza. Lakini sisi tuliofundisha historia kwa miaka mingi tuliona kwamba kauli ya kijana ina ukweli ndani yake, na ukweli haujibiwi kwa kukemea. Aya ya 219 ya Suratul Baqara haikukana kuwa ulevi una faida zake. Ilituonyesha kwamba upande wa pili wa mizani umezidi uzito. Bia, basi, ina madaftari mawili. La kwanza huandikwa mapato, na hilo husomwa hadharani. La pili huandikwa majumbani, na mara nyingi halina msomaji.

Tuanze kwetu. Zamani, katika sehemu nyingi za bara, wanawake walipika pombe ya mtama, ulezi au ndizi, nayo ilikuwa ujira wa ujima: aliyetaka shamba lake lilimwe aliwaalika majirani, wakalima, kisha wakanywa. Miji ilipokua, pombe ikapata bei, na wanawake wengi waliokosa kazi nyingine wakalea watoto kwa fedha ya busaa.

Serikali ya kikoloni ilipoiona fedha hiyo haikuizima, bali iliihamisha. Mwaka 1908 sheria ya Natal, Afrika Kusini, iliziruhusu halmashauri za miji kuhodhi upishi na uuzaji wa pombe kwa Waafrika, na Durban ikawa mfano wa kuigwa. Nairobi iliufuata mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikafungua kilabu chake Pumwani, mtaa wenye Waislamu wengi. Mama aliyepika nyumbani akawa mhalifu. Halmashauri iliyopika kitu kilekile ikajiita mlezi, kwa kuwa faida ilitengwa kwa huduma za Waafrika. Maana yake ni kwamba Mwafrika mmoja alihudumiwa kwa kadiri mwenzake alivyokunywa.

Viwanda navyo vikaja. Mwaka 1922 ndugu wawili walowezi, George na Charles Hurst, walianza kutengeneza bia Ruaraka, Nairobi. Mwaka 1936 kampuni yao ikaungana na ile ya Tanganyika kuwa East African Breweries. Huko Congo, Bralima ilianza Léopoldville mwaka 1923, ikaeneza viwanda vyake hadi Bukavu na Kisangani. Uhuru ulipokuja bendera zilibadilika, lakini hazina hazikuiacha chupa. Tanzania iliingiza mkono wa dola katika kampuni yake ya bia baada ya Azimio la Arusha la 1967, na mwaka 1993 ikauza sehemu kubwa ya hisa kwa kampuni ya Afrika Kusini. Siasa ziligeuka mara mbili. Ushuru wa bia haukukosa njia.

Kijana atasema hayo ni ya ng'ambo. Basi na aitazame miji tunamoishi. Buffalo ilikuzwa na nafaka: mfereji wa Erie ulipofunguliwa mwaka 1825, mazao ya magharibi yalipitia hapo, na mwaka 1842 Joseph Dart akajenga ghala lenye mashine ya mvuke ya kupandishia nafaka kutoka melini. Penye shayiri hapakosi kimea, na penye kimea hapakosi bia. Hapa Columbus, Mjerumani Louis Hoster alifungua kiwanda chake mwaka 1836, na eneo la kusini mwa katikati ya mji lingali likiitwa Brewery District.

Waliojenga biashara hiyo walikuwa wahamiaji kama sisi, na haikuwakinga. Tarehe 6 Agosti 1855, siku ya uchaguzi mjini Louisville, wafuasi wa chama cha Know-Nothing, waliochukia wageni na Wakatoliki, waliwashambulia Wajerumani na Waairishi. Watu wasiopungua 22 waliuawa, na miongoni mwa majengo yaliyochomwa moto kilikuwemo kiwanda cha bia cha Armbruster. Wenyeji waliinywa bia ya mgeni, kisha wakamchomea nyumba.

Miaka saba baadaye serikali ya Marekani, ikitafuta fedha za vita vya wenyewe kwa wenyewe, iliitoza bia dola 1 kwa kila pipa. Vita vikaisha, kodi ikabaki. Kabla ya mwaka 1913, karibu theluthi moja ya mapato ya serikali kuu ilitoka katika vileo. Wapinzani wa ulevi, ambao jumuiya yao, Anti-Saloon League, ilihamia mwaka 1909 Westerville, jirani kabisa na Columbus, walilifahamu daftari la pili: mishahara iliyoishia baa, wake na watoto waliolala njaa. Lakini marufuku ya mwaka 1920 iliwezekana kwa sababu kodi ya mapato ya watu, iliyohalalishwa mwaka 1913, ilikuwa imeipa hazina chakula kingine. Mdororo wa uchumi ulipokikausha chakula hicho, bia ikarudi Aprili 1933, kwa kodi ya dola 5 kwa pipa. Hata Westerville, iliyoshikilia msimamo wake kwa vizazi kadhaa, hatimaye iliruhusu bia iuzwe kihalali.

Kwa hiyo kijana hakukosea: hazina nyingi zimekula kwa bia. Alichosahau ni kuuliza nani amelipa. Faida huenda kwa wachache wanaojulikana kwa majina. Hasara hugawanywa kwa wengi, na wa mwisho kulipa ni mtoto anayesikiliza mlango ukifunguliwa usiku wa manane.

Liko na jambo ambalo kila mzazi alijue. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi aizingatie dini ya mfanyakazi, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutamletea mzigo mkubwa. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilikaza tafsiri ya mzigo huo kwa manufaa ya mfanyakazi. Huko Illinois, madereva wawili Waislamu wenye asili ya Kisomali walifukuzwa na kampuni ya malori mwaka 2009 kwa kukataa kusafirisha bia, ingawa kampuni ingeweza kuwapa shehena nyingine. Tume ya serikali ya usawa kazini iliwashtakia, na mwaka 2015 baraza la mahakama liliamuru walipwe dola 240,000. Si kila kesi itafika huko. Ila anayeomba kwa adabu, mapema na kwa maandishi, haombi hisani.

Tulimwandikia kijana barua ya mistari minne ampelekee msimamizi wake, kuomba apangiwe shehena nyingine. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Tunaomba dua zenu kwake, na kwa mama yake tarehe mosi itakapofika.

Wabillahi tawfiq.